Makosa ya Mama Neema

Kahawa ya kuchuja siinywi, na nikiisikia harufu yake natoka nje. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Dodoma mjini, mtoto mgongoni, nimesimama tangu asubuhi, wamebaki watu wawili mbele yangu. Mlango wa bosi ukafunguliwa, harufu ikatoka: kahawa, na chini yake dawa ya kung'arishia sakafu. Miguu yangu ikaondoka yenyewe.

"We dada, unaenda wapi na zamu yako hii?" aliniuliza mama aliyekuwa nyuma yangu.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi, mwanangu akaanza kulia, na mimi nikawa na hasira ambayo yule bosi wa watu hakuistahili hata kidogo. Zamu ilipotea. Nimerudi nyumbani nimeamua niandike, maana kukaa nalo kumenichosha, na nyie tuliokua pamoja kipindi kile mtanielewa.

Nilikuwa darasa la nne. Tuliishi Ihumwa, chumba kimoja, karibu na reli. Baba yangu alikuwa Mrangi wa Kondoa, dereva wa lori, tukimwona mara moja moja. Mama ni Mgogo wa Mlali. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha hao wawili, kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mama hakusoma. Kiswahili chake alikiokota njiani, sokoni, kwa mama mwenye nyumba, kwa baba, akakishona mwenyewe kama mtu anavyoshona kigauni cha mtoto kwa mabaki ya vitambaa. Ndicho alichonibembelezea. Mpaka nilipofika umri ule sikuwahi kusikia kwamba kina kasoro.

Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa mgeni mmoja wa Ulaya, huko Uzunguni, mjini. Nitamwita Karin. Mrefu, mpole, kucha fupi, alikuja kwa mradi wa visima. Kila Jumamosi wenzake watano walikusanyika sebuleni kwake kujifunza Kiswahili, na njia waliyoichagua ilikuwa kusoma riwaya moja ya zamani, sura moja kwa wiki. Ile ni riwaya kubwa. Kaka zetu na dada zetu waliifanyia mitihani. Inamhusu mwanamke ambaye mumewe alikwenda kukata mkonge miaka mingi, akarudi na maisha mengine.

Jumamosi mama hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo nilikwenda naye na kukaa kwenye kizingiti cha jikoni na kitabu changu cha shule. Nilikuwa nasoma kwa sauti, kama tulivyozoeshwa, darasa zima likipayuka pamoja. Siku moja Karin akaja jikoni, akasimama, akasikiliza.

"Mama Neema," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, "mtoto wako anasoma vizuri mno. Je, unaweza kutuazima sauti yake?"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Sauti inaazimwa? Mchukueni, dada. Hapa ananipigia kelele tu."

Basi nikaazimwa. Nikawekewa kiti chenye mto ili nifike mezani. Utaratibu ulikuwa huu: mimi nasoma aya moja, wao wanairudia, na aliyekwama ananyanyua penseli juu. Penseli ikiwa juu hakuna kuendelea mpaka jambo lifafanuliwe. Kila mmoja alikuwa na daftari. Na mimi nilikuwa na kikombe changu, keki yangu, na mzee mmoja aliyeitwa Henrik alinisalimia kila nilipoingia: "Shikamoo, mwalimu." Mtu ana mvi! Mara ya kwanza mama nusura aangushe sinia. Mimi nilimwangalia yule mzee machoni nikamjibu, "Marahaba." Hakuna aliyenikemea. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika, nikisema ukweli.

Kitu ambacho wao hawakukijua ni kwamba msomaji wao wa saba alikuwa jikoni. Nikianza kusoma, sufuria zilinyamaza. Bomba lilifungwa. Mama alikuwa anasimama nyuma ya mlango na kitambaa mkononi, na aliipata riwaya yote kwa masikio. Jioni tukishuka kituoni Ihumwa tulikuwa na mwendo wa nusu saa kando ya reli kufika kwetu, na nusu saa hiyo ilikuwa ya riwaya. Alimchambua kila mtu. Yule shemeji, alisema, ana njaa ya shamba, utaona. Yule mume hatarudi peke yake. Na kweli, sura tatu mbele, mume akarudi na mwanamke. Nilisimama njiani nikamwuliza alijuaje.

"Aliandika barua ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi," mama alisema. "Mtu anayekuja peke yake haulizi vyumba."

Wale watu sita wenye digrii zao na kamusi zao hakuna aliyeiona hiyo. Hata mimi niliyeisoma kwa mdomo wangu sikuiona. Nakumbuka vumbi, viatu vyangu mkononi ili visichakae, na mama akibishana na mtu wa kwenye kitabu kama anabishana na jirani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa na nimezaa.

Kisha ikaja sura ya mume kurudi. Anafika uani, mkewe anapepeta mtama, na mke hamsalimii. Anaendelea kupepeta. Kwenye kitabu hakuna maelezo, ni hivyo tu. Penseli zote zikapanda.

"Je, anamchukia?" aliuliza Karin.

"Labda hakumtambua," alisema mwingine.

"Labda amekuwa kiziwi," alisema mzee Henrik, wakacheka.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama akaingia na birika jingine. Alikuwa hajawahi kusema neno kwenye kikao kile zaidi ya "kalibuni". Lakini siku hiyo alisimama na birika lake, akasema, kwa Kiswahili chake, na mimi hapa nakiweka sawa ili nyie mwelewe: Anamngoja akae. Kwetu mtu akitoka mbali humsalimii amesimama. Ukimsalimia amesimama umemwambia apite, ni mpita njia. Unamngoja akae, ndipo umpe maji, ndipo salamu. Yule mama hamchukii. Anamtaka. Mwenye kukataa kukaa ni mume.

Huo ndio ulikuwa ufunguo wa riwaya nzima. Nimekuja kuisoma tena nikiwa kidato cha tatu na mwalimu wetu hakuufikia.

Hawakumwelewa. Alisema haraka, alikuwa na aibu, na alichanganya ngeli zake, na akamtaja yule mume kama watu wengi, kwa sababu kwao mkubwa hatajwi peke yake; mama hata baba yangu alimsema hivyo, "Baba wamerudi", na aliyerudi ni mmoja na mkoba wake. Karin akanigeukia. "Neema, mama amesema nini?"

Ningeweza kusema alichosema. Nilikuwa nimekielewa chote, neno kwa neno. Lakini nilikuwa kwenye kiti chenye mto, na nyuso sita zimenigeukia, na kitu cha kwanza kilichonitoka ni hiki:

"Amekosea. Hatusemi 'wakae', ni mmoja. Inatakiwa 'akae'."

Wakapiga makofi. Haki ya Mungu, walipiga makofi. Mzee Henrik peke yake ndiye aliyebaki na penseli juu, akisema, "Lakini maana yake? Maana?" na Karin akamwambia watarudi hapo baadaye. Hawakurudi. Mama aliweka birika mezani taratibu, bila kutoa sauti, akatoka.

Karin alikuwa amekunja uso, si kwa ubaya. Mtu anayehesabu kichwani. "Neema," alisema, "kuna makosa mengine ambayo mama anafanya? Kwa sababu sisi tunamsikia kila siku. Tunaiga."

Oo, yalikuwepo. Niliyatoa kama karanga mfukoni. Hasemi "kikombe changu", anasema "kikombe yangu". Hasemi "karibuni". Nyumbani anasema hivi, barabarani anasema vile. Niliigiza na sauti yake, mkono kiunoni kama anavyosimama, nao wakacheka na kuandika, kila mmoja kwenye daftari lake, mstari katikati ya ukurasa: huku anavyosema yeye, huku inavyotakiwa. Nilidhani tunacheza. Zaidi ya hapo, na hili ndilo linalonikaba mpaka leo, nilidhani tunampa mama heshima. Maneno yake yalikuwa yanaandikwa! Watu wa Ulaya wanaandika maneno ya mama yangu kwenye madaftari! Kwenye reli jioni ile nilitaka kumsimulia, lakini alikuwa anatembea mbele na hakuzungumza habari ya kitabu. Nikadhani amechoka.

Wiki mbili baadaye Karin alimwita mama barazani. Mimi nilikuwa pale pale, nakula embe.

"Mama Neema, sisi tunakupenda sana. Wewe ni mwanamke mwema na kazi yako ni safi."

"Ahsante, dada."

"Lakini sisi ni wanafunzi. Nyumbani pia tunahitaji kusikia Kiswahili sanifu. Tumepata mama kutoka Tanga."

Mama alijifuta mikono kwa kanga. Kisha akauliza, "Nimekosea nini, dada? Kuna kitu kimepotea?"

"Hapana! Hapana, hujakosea kitu. Ni Kiswahili tu."

Ni Kiswahili tu. Nimeshaambiwa na watu, akiwemo mume wangu, kwamba yule dada alikuwa na haki ya kuajiri amtakaye, alimlipa mama vizuri, alimpa na mablanketi. Alikuwa mwema. Najua alikuwa mwema! Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala. Alimfukuza mama yangu kwa upole kiasi kwamba mama alimshukuru, tena kwa magoti, na mimi nikanyonya kokwa la embe.

Halafu, akiwa bado amemshika mama mikono yote miwili, akauliza kama mimi ningeweza kuendelea kuja. Zilikuwa zimebaki sura nne, na walishaizoea sauti yangu.

Ningekuwa mimi, na huyu binti yangu mgongoni, ningelibomoa lile geti. Mama alisema, "Atakuja. Alichoanza amalize."

Kwa hiyo Jumamosi nne mama alinipeleka, akaniogesha, akanipaka mafuta, akanisuka, akanifikisha getini na hakuingia. Alisema atanisubiri. Mlinzi, ambaye walikuwa wakitaniana kila asubuhi miaka miwili, siku ya kwanza alinipigia saluti.

"Mama Neema, mwanao amekuwa mzungu. Sasa mimi nimfungulie geti lote au hili dogo?"

"Fungua lote," mama alisema. "Na kichwa kimekua."

Walicheka wote wawili. Nikaingia. Ndani, mama wa Tanga alinikaribisha kwa Kiswahili kama cha redioni, akaniwekea chai, na ile chai ilikuwa nzuri, sitadanganya. Nilikula, nilisoma. Sikujiuliza mama anasubiri wapi, au ananawa wapi, au amekula nini. Mtoto akishasimamishwa juu ya meza haangalii sakafu.

Jumamosi ya mwisho niliimaliza riwaya. Mwishoni ndugu wa mume wanamtoa yule mama kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, na yeye anakaa nje, uani, na jua linazama. Niliisoma polepole kama nilivyoelekezwa. Karin alilia. Machozi kabisa, akatoa kitambaa, akasema, "Maskini mama huyu." Mama wa Tanga akaleta kahawa. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa dawa, inang'aa, dirisha limeachwa wazi ili ikauke.

Siku hiyo walikuwepo wanafunzi wapya wawili, na Karin alikuwa amewaandalia somo la kuanzia. Akanipa karatasi iliyochapwa kwa kompyuta. Akaniomba niwasomee kwa sauti safi, wairudie. Ilikuwa na safu mbili, upande mmoja "Usiseme", upande wa pili "Sema". Na juu, kwa herufi kubwa, kichwa cha somo.

Shuleni tulifundishwa kwamba msomaji mzuri huanza na kichwa cha habari. Kwa hiyo nilisimama, nikashika karatasi kwa mikono miwili, nikafungua kifua.

"Makosa ya Mama Neema!"

"Makosa ya Mama Neema," wakarudia wote, kwa pamoja, kama kwaya.

Nilijivuna. Jina la mama limechapwa! Nikasoma mstari baada ya mstari. Usiseme kikombe yangu. Usiseme baba wamerudi. Wakarudia, wakajikwaa, wakacheka, nikawasahihisha. Kulikuwa na sentensi humo ambayo mama aliniambia mimi nikiwa na homa, nikampa Karin siku ile ya makofi. Nayo nikaisoma, nayo wakairudia. Mzee Henrik hakuirudia. Alifunga daftari lake, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilipenda alivyosema," kisha akanywa kahawa yake. Hakusema zaidi. Nawe Henrik nina hasira nawe, kwa sababu wewe ulielewa.

Nilitoka na zawadi, nakala ya ile riwaya, wote wameweka sahihi ndani. Mlinzi alinifungulia geti bila saluti na bila kunitazama. Mama hakuwa getini. Nilizunguka ukuta nikamkuta ubavuni mwa nyumba, upande wa barabara ya vumbi, amekaa kwenye tofali palipokuwa na kivuli kidogo. Juu ya kichwa chake, mahali ambapo ningeweza kugusa kwa fimbo, palikuwa na dirisha la sebuleni, liko wazi. Mle ndani walikuwa bado wanarudia.

Hata hapo sikuelewa mara moja. Nilimwonyesha kitabu. "Mama, imeisha! Unataka nikusimulie ilivyoisha?"

"Nimesikia," alisema. Akajikung'uta vumbi, akanirekebisha kola. "Unasoma vizuri. Sauti yako inafika mpaka huku nje."

Akanishika mkono tukaondoka. Hakunipiga. Baba alipokuja na kuuliza kazi imekwendaje, mama alisema mkataba umeisha. Pango la Ihumwa likatushinda, tukarudi Mlali kwa bibi, na huko mama akalima mtama na karanga, na mimi nikasoma mpaka kidato cha nne nikishinda Kiswahili kuliko wote. Ilikuwa Mlali, katikati ya watu wote wanaosema kama mama, ndipo nilipoisikia ile kwaya kichwani mwangu na kujua nilichokifanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikwenda shambani kumwomba radhi nikakuta nimeiandaa sentensi, nimeipanga vizuri, ni sanifu, na mdomo wangu ukakataa kuisema. Nikachukua jembe tu.

Mama yupo, ana afya. Na bibi na majirani anaongea Kigogo, anacheka, anachambua watu kama zamani. Na binti yangu vilevile. Mimi ananiongelesha Kiswahili, maana ndiyo lugha tuliyoanza nayo. Akinipigia simu anaita jina langu, halafu ananyamaza kidogo kabla ya kusema alichopigia. Kila mara. Mume wangu husema mtandao wa Mlali ni mbovu. Si mtandao. Ni mama, anaipanga sentensi kwanza asikosee mbele yangu.